Michael Graham, Bwana Aliyechunguza Malisho ya Ziwa

Mchungaji ajuaye kazi yake hatazami ng'ombe peke yao, hutazama na majani. Katika nchi ya Usukuma, tangu zamani, wazee huacha sehemu ya mbuga isichungwe wakati wa masika, ili majani yake yawe akiba ya kiangazi. Mahali hapo huitwa ngitili. Aingizaye mifugo ndani ya ngitili kabla ya wakati wake huitwa mbele ya wazee na kutozwa. Wala hapana mtu aonaye ajabu juu ya desturi hiyo, kwa maana hata mtoto ajua ya kuwa nyama ya ng'ombe na maziwa yake yatoka katika majani.

Sasa nendeni pwani ya Mwanza alfajiri, wakati mitumbwi inapofika, mkaulize samaki hawa nyama yao imetoka wapi. Mtu mmoja atawajibu ya kuwa samaki mkubwa hula samaki mdogo. Naam, ni kweli; lakini yule mdogo naye amekula nini? Atasema amekula wadudu wa majini. Nao wadudu je? Swali hili laweza kufuatwa hatua kwa hatua, na kila hatua hutuonyesha kiumbe aliyekula mwenziwe, mpaka mwisho tufike kwa kiumbe asiyekula kiumbe ye yote, ajitengenezeaye chakula chake mwenyewe. Kiumbe huyo ni mmea. Lakini katikati ya ziwa, mahali ambapo macho hayaoni ila maji na mbingu, mimea iko wapi?

Katika watu wa kwanza waliolitafutia swali hilo jibu katika Ziwa la Victoria, kwa vipimo na kwa maandishi, alikuwamo Mwingereza mmoja, jina lake Michael Graham. Alizaliwa mwaka 1898. Alipokuwa kijana wa miaka 22, mwaka 1920, alipata kazi katika nyumba ya uchunguzi wa samaki huko Lowestoft, mji wa wavuvi ulio mashariki ya Uingereza, kando ya Bahari ya Kaskazini.

Bahari hiyo ilikuwa imekwisha kuwafundisha wavuvi jambo kubwa. Kwa muda wa Vita Kuu ya kwanza, yaani tangu 1914 hata 1918, merikebu nyingi za uvuvi hazikuweza kwenda kuvua, kwa sababu bahari ilijaa mabomu yaliyotegwa, na manowari za chini ya maji zilikuwa zikivizia. Samaki wakapumzika miaka minne. Vita ilipokwisha, wavuvi wakatupa nyavu zao, wakapata samaki wengi na wakubwa kuliko walivyokuwa wakipata kabla ya vita. Wakafurahi, wakaongeza merikebu. Na baada ya miaka michache samaki wakapungua tena, wakawa wadogo kama kwanza. Graham aliingia kazini wakati huohuo, na jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Aliona ya kuwa bahari, ijapokuwa ni pana, ina kipimo chake.

Huku kwetu, wakati huo, shida ya namna hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Tangu kale watu wa kandokando ya ziwa walivua kwa migono, kwa ndoano, kwa nyua za matete, na kwa makokoro yaliyofungwa kwa mafunjo. Zana hizo hazikuweza kulimaliza ziwa. Lakini mwaka 1901 reli itokayo Mombasa ilifika Kisumu, na mwaka 1905 zikaletwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo siku hizi huitwa Winam, nyavu za kitani kutoka Ulaya, za kutegwa usiku. Samaki akavuliwa Kisumu, akapakiwa katika gari la moshi, akauzwa mbali na ziwa. Hapo mwanzo wavu mmoja uliweza kupata samaki 50 hata 100 kwa usiku mmoja. Miaka ishirini baadaye, mvuvi aliyetega wavu uleule, mahali palepale, alirudi na samaki wachache tu.

Samaki aliyekuwa akitafutwa zaidi ya wote alikuwa ngege. Ninyi mnaomjua sato wa sokoni msidhani kuwa ndiye huyu. Sato aliyejaa masokoni siku hizi ni mgeni aliyetiwa katika ziwa katika miaka ya 1950. Ngege alikuwa mwenyeji, wala hakuwako mahali pengine ila katika maji haya na maji yaliyo jirani nayo. Nyama yake ilipendwa na watu wa kabila zote.

Basi mwaka 1927 serikali za nchi hizi zikamwita Graham aje achunguze mambo ya uvuvi katika ziwa zima. Akafuatana na msaidizi wake, kijana aliyesoma Cambridge, jina lake Edgar Barton Worthington. Kazi yao iliendelea hata mwaka 1928, ambao ndio mwaka reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Kwa hiyo si kazi ya kufanywa kwa kuketi mahali pamoja. Walisafiri katika maji ya nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kila walipotia nanga walitega nyavu za macho mbalimbali, makubwa na madogo, ili wajue wavu wa namna gani humshika samaki wa kadiri gani. Kila samaki alipimwa urefu. Kisha alipasuliwa tumbo, waone kama ana mayai, na waone amekula nini.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa maana katika matumbo hayo ndimo lilimokuwamo jibu la swali letu. Matumbo ya samaki wengine yalikuwa na samaki wadogo, ya wengine konokono, ya wengine wadudu. Lakini tumbo la ngege lilijaa uji wa kijani. Ukiutazama uji huo kwa jicho tupu huoni neno. Ukiutia tone moja chini ya darubini ya kukuzia vitu vidogo, utaona ya kuwa ni mimea: mamia ya mimea, kila mmoja mdogo kuliko chembe ya unga. Mingine imeungana kama shanga katika uzi. Mingine imejifunika gamba zuri lililo kama kioo. Hiyo huitwa diatomu. Hayo ndiyo majani ya katikati ya ziwa. Yaelea yasionekane, nayo ni malisho mapana kuliko mbuga zote za Usukuma.

Graham akamtambua ngege ya kuwa ni aina peke yake, tofauti na nduguze, na mwaka 1928 akamwandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Kilatini, Tilapia esculenta. Neno hilo la pili maana yake ni kitu kinachofaa kuliwa. Wenyeji walikwisha kulijua hilo siku nyingi! Na katika samaki wadogo waitwao furu, waliokusanywa katika safari hiyo, aina moja ilipewa jina la michaeli kwa ajili yake.

Labda mtauliza, mmea usio na shina wala mizizi wajilishaje? Ndani yake mna rangi ileile ya kijani iliyomo katika jani la mhindi na la mwembe. Rangi hiyo hushika nuru ya jua. Kwa nguvu ya nuru mmea huchukua maji, na hewa ile tuitoayo puani tunapopumua, ukavigeuza kuwa sukari. Na kwa sukari hiyo hujenga mwili wake. Katika kazi hiyo hubaki hewa nyingine, oksijeni, ambayo mmea huitoa nje, nasi twaivuta ili tuishi. Mganga mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha mwaka 1779 ya kuwa majani hutoa hewa hiyo njema wakati wa nuru tu, na usiku hayaitoi. Wala msifikiri ya kuwa hewa hiyo ilikuwako duniani tangu mwanzo. Wataalamu waliochunguza miamba ya kale wameona ya kuwa dunia ilikaa muda mrefu mno bila ya oksijeni ya kupumuliwa. Viumbe vidogo kabisa vya majini, vya rangi ya samawati na kijani, jamaa za hivyo vinavyoelea leo katika Ghuba ya Mwanza, ndivyo vilivyoitoa kidogo kidogo, hata ikaanza kujaa hewani yapata miaka milioni 2,400 iliyopita. Tembo, na tai, na mtu mwenyewe, wasingaliweza kuwako kama vidudu hivyo visingalitangulia.

Tuirudie safari. Kama nuru ndiyo chakula cha mimea, basi mchunguzi lazima ajue nuru yashuka kina gani ndani ya maji. Chombo cha kupimia ni rahisi sana, hata ninyi mwaweza kukifanya: ni sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Padre mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alianza kuitumia mwaka 1865. Hushushwa majini polepole mpaka isionekane tena, kisha kamba hupimwa. Worthington, ambaye kazi yake ilikuwa kupima maji yenyewe, joto lake na hali yake, aliiona sahani hiyo katika maji ya wazi hata kina cha mita 7 au 8. Maji yalikuwa safi, na nuru ilifika mbali. Kumbukeni hesabu hiyo, tutaihitaji baadaye.

Iko sababu nyingine ya kushughulika na joto la maji. Kwa miezi mingi maji ya juu ya ziwa yana joto, nayo huelea juu ya maji baridi ya chini yasichanganyike nayo. Samadi ya ziwa, yaani mabaki ya kila kitu kilichokufa na kuzama, hukaa chini gizani, na mimea iko juu kwenye nuru. Kila kimoja chamhitaji mwenziwe wala hawaonani. Lakini wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, maji ya juu hupoa, ziwa likakorogeka hata chini. Ndipo samadi hupanda juu, na diatomu huongezeka sana. Ni kama masika katika mbuga, ila hayaji kwa mvua, huja kwa upepo. Jambo hili lilielezwa vizuri zaidi na wachunguzi wa Jinja katika miaka ya 1960, kwa msingi uliowekwa na waliotangulia.

Mwaka 1929 taarifa ya Graham ilipigwa chapa London. Ni kitabu kikubwa, lakini mashauri mawili yaliyomo yatosha kutuonyesha akili ya mtu huyu.

Shauri la kwanza lilihusu nyavu. Alisema ngege asivuliwe kwa wavu ambao jicho lake, likinyoshwa, ni chini ya inchi 5, yaani milimita 127. Wavu wa namna hiyo humwacha ngege mchanga apite, naye apate kuzaa kabla ya kunaswa. Ngege hazai ovyo kama samaki wengine wamwagao mayai yao na kwenda zao. Jike huatamia mayai kinywani mwake, na vitoto vikiona hatari hukimbilia mdomoni mwa mama. Kwa hiyo watoto wake si wengi mno, na kila jike aliyevuliwa kabla ya wakati ni hasara ya kweli. Ukitazama sana utaona ya kuwa shauri la Graham lilikuwa ngitili ya majini: si kukataza watu kula, bali kuacha kitu kikue.

Shauri la pili lilihusu wageni. Siku zile walikuwako mabwana waliotamani kuleta ndani ya ziwa samaki mkubwa alaye wenziwe, kama sangara wa Ziwa Albert, ili furu wengi, ambao wao waliwaona hawana thamani, wageuke kuwa nyama nono. Graham aliandika ya kuwa jambo hilo lina hatari kubwa mno, na lisijaribiwe kabla ya uchunguzi mrefu juu ya matokeo yake.

Hesabu ya malisho yaonyesha kwa nini onyo hilo lilikuwa na maana. Kila mara kiumbe anapomla mwenziwe, sehemu kubwa ya chakula hupotea: huishia katika kuogelea, katika kupumua, katika kinyesi. Kwa kukisia, sehemu moja katika kumi ndiyo hubaki kuwa nyama. Ratili 1,000 za mimea zaweza kufanya ratili 100 za ngege, maana ngege hula mimea yenyewe. Lakini kama mimea italiwa na wadudu, na wadudu na furu, na furu na sangara, ratili zilezile 1,000 zitafanya ratili moja tu ya sangara. Mwenye mbuga asiyefuga ng'ombe, akafuga simba ili ale nyama ya simba, watu watamcheka. Lakini ziwani jambo hilo halionekani kwa macho, kwa hiyo laweza kupendeza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali zililifuata shauri la kwanza, zikaweka sheria ya wavu wa inchi 5. Lakini wavu wa macho madogo hupata samaki wengi zaidi leo, na mvuvi mwenye watoto wenye njaa hufikiri habari za leo. Wavunjaji wakawa wengi, walinzi wachache. Katikati ya miaka ya 1950 sheria hiyo ikaondolewa katika Tanganyika na Uganda, na Kenya nayo ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngege akaendelea kupungua.

Wakati huo Graham alikuwa amekwisha kurudi kwao zamani, na kazi yake ilikuwa tena samaki wa Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1935 alitoa maandishi yaliyoeleza kwa hesabu ya kuwa samaki huongezeka kwa kadiri yao, na ya kuwa mtu akivua kidogo zaidi aweza kupata samaki wengi zaidi. Jambo hilo laonekana kama kitendawili, lakini ndivyo ilivyo: samaki waliobaki hukua na kuzaa.

Ndipo ikaja vita ya pili, na Uingereza ikaona taabu ya chakula, kwa maana merikebu zake zilikuwa zikizamishwa baharini. Katikati ya taabu hiyo, mwaka 1941, Graham alitoa kitabu ambacho watu hawakukitazamia kwa mtaalamu wa samaki. Jina lake Soil and Sense, na habari zake ni udongo na majani ya malisho. Alieleza habari za nyasi, za minyoo ilimayo udongo bila jembe, na za klova, mmea wa jamaa ya kunde, ambao vinundu vya mizizi yake vina vidudu vishikavyo naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Wengine waliona ajabu. Lakini mtu aliyepasua matumbo ya ngege na kukuta majani, kisha akageuka kutazama ng'ombe wa kwao, hakuwa amebadili kazi. Ilikuwa kazi ileile.

Miaka miwili baadaye, 1943, akatoa kitabu cha wavuvi, The Fish Gate. Humo alieleza jambo ambalo tangu hapo limekumbukwa na wote washughulikao na samaki: ya kuwa uvuvi usiowekewa mpaka mwisho wake hauna faida kwa mtu ye yote, hata kwa aliye hodari. Mwaka 1945 alifanywa mkuu wa uchunguzi wa samaki huko Lowestoft. Vijana wawili waliofanya kazi chini yake, Raymond Beverton na Sidney Holt, walitoa mwaka 1957 kitabu cha hesabu za uvuvi ambacho husomwa ulimwenguni pote. Mwaka uliofuata Graham akaacha kazi kwa sababu ya umri. Aliendelea kuandika habari za viumbe na mahali wanapokaa. Kitabu chake cha mwisho, A Natural Ecology, kilitokea mwaka 1973, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka 1972.

Hakuyaona, basi, yaliyolipata ziwa. Mwaka 1954 sangara alitiwa majini karibu na Jinja, na mwaka 1962 na 1963 akatiwa tena mara kadha wa kadha, mbele ya macho ya serikali. Kwa muda wa miaka ishirini hivi alikuwa haba. Mwaka 1977 wachunguzi kutoka Leiden, Uholanzi, walikuja Mwanza kufanya kazi na wenyeji katika Ghuba ya Mwanza, wakawakuta furu kwa aina nyingi hata kuhesabu kukawa taabu: walao mimea, walao matope, walao konokono, walao mayai ya wenzao. Walikuwa wangali wakiwahesabu, sangara akajaa katika ghuba. Kufika mwaka 1987 furu wa maji ya wazi walikuwa karibu wamekwisha. Hukisiwa ya kuwa aina 200 hivi zilipotea katika ziwa zima.

Haki inatupasa tuseme pia ya kuwa sangara alileta fedha. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya, na watu wengi wakapata kazi, wakasomesha watoto wao kwa kazi hiyo. Mtu hawezi kuyafuta hayo kwa neno moja. Lakini hesabu ya malisho haikubadilika.

Na malisho yenyewe yalibadilika. Mashamba yalilimwa hata ukingoni, miti ikakatwa, mafunjo yakafyekwa, miji ikakua. Mvua ikawa inachukua udongo na samadi na uchafu ikavitia ziwani. Mtu aweza kufikiri ya kuwa samadi nyingi ni neema. Mimea midogo iliongezeka kweli, lakini diatomu zilipungua, na mahali pao pakashikwa na vile viumbe vya samawati na kijani. Tena wachunguzi wa Jinja walikuwa wamekwisha kuona, tangu miaka ya 1950, ya kuwa tumbo la ngege huzisaga diatomu, lakini vile vya samawati hupita tumboni na kutoka vikiwa vizima. Mbuga ilikuwa imejaa majani, na majani hayo hayakumfaa ng'ombe wake. Maji nayo yakawa mazito. Katika miaka ya 1990 ile sahani nyeupe, iliyoonekana hata mita 7 au 8 siku za Worthington, katika ghuba nyingi ilipotea machoni kabla ya kufika mita 2. Mimea ilipokufa na kuoza chini, ilitumia oksijeni yote ya kilindini, samaki wakapakimbia au wakafa. Hata juu ya maji likaja gugu maji kutoka Amerika ya Kusini, likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na kuwazuia wavuvi, mpaka katika miaka ya 1990 wakaletwa wadudu walilao, likapungua. Hilo nalo ni mmea ujilishao wenyewe. Mimea ndiyo iliyo hai ziwa, na mimea ndiyo iliyolisonga.

Ngege wa Graham katika ziwa kubwa alikuwa karibu ametoweka kufika miaka ya 1980. Lakini hakufa kabisa. Katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo la Kenya lililofichwa na mafunjo ya Mto Yala, sangara hakufika, na ngege amesalia humo. Tena kabla ya mambo kuharibika watu walikuwa wamemchukua na kumtia katika maji mengine. Katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mlima Kilimanjaro, lililojengwa katika miaka ya 1960, amevuliwa na kuuzwa muda wa miaka mingi. Hula kama alivyokula siku zile za mwaka 1927. Hufungua kinywa, maji huingia pamoja na mimea isiyoonekana, ute wa kinywani huinasa na kuifanya tonge dogo la kijani, naye humeza.